Kitabu cha Kidenmark Dirishani

Watu huitwa wachawi kwa sababu nyingi: macho mekundu, ukimya uliozidi, ng'ombe wa jirani aliyekufa bila kuugua. Nadhani mimi ndiye wa kwanza katika wilaya nzima ya Kibondo kuitwa mchawi kwa sababu ya somo la fasihi. Sasa nacheka. Wakati ule nilikuwa nalala na viatu miguuni.

Nianze na hicho Kidenmark, maana najua mtaniuliza. Nilizaliwa kambini, upande wa Kasulu, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Mama alifariki nikiwa bado natambaa. Dada yake alipopata nafasi ya kuhamishiwa Denmark alinibeba pamoja na mizigo yake, na huko nikakulia, katika mji mdogo wenye upepo usiojua kupumzika. Nilipofika darasa la nane ndoa ya mama mkubwa ikavunjika. Baba, ambaye wakati huo alikuwa ameshapewa uraia wa Tanzania na anauza maharage sokoni Kasulu, akasema mtoto arudi. Nikarudi na Kiswahili cha kuombea chumvi. Kirundi changu kilitosha kusalimia na kukimbia. Watoto wa mtaa walinibatiza Mzungu wa Kuungua. Nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa kilio ndicho walichokuwa wanakisubiri.

Kisha nikapata ufadhili katika shule moja ya kimataifa upande wa Arusha. Kwenye programu yao ya miaka miwili ya mwisho, kila mwanafunzi husoma fasihi ya lugha anayoimudu kuliko zote, hata kama shuleni hakuna mwalimu wake. Wakanipima, wakakuta lugha ninayoota nayo ni Kidenmark. Basi nikakabidhiwa rundo la riwaya na mashairi, nikaambiwa jisomee. Msimamizi wangu alikuwa Mwalimu Abdalah, mtu wa Tanga, mwalimu wa fasihi ya Kiswahili. Kila wiki alikaa mbele yangu akanisikiliza nikichambua vitabu asivyoelewa hata neno moja. Alitikisa kichwa kwa heshima kama yuko msibani. Nikimaliza aliniuliza kwa Kiswahili maswali yaleyale: nani anafanya, anafanya lini, kwa nini, na ushahidi uko wapi.

Mtihani wa mdomo ulikuwa mwishoni mwa Januari 2015. Unapewa ukurasa mmoja kutoka katika vitabu vyako, unajiandaa kidogo, kisha unauchambua kwa sauti huku unarekodiwa, na sauti yako inasafirishwa ng'ambo kwa mtu anayejua hiyo lugha. Hakuna wa kukuombea huruma. Ukikosa siku, umekosa cheti, na ufadhili umekwenda nacho.

Ndiyo maana likizo ya Desemba nilikwenda Kitahana kwa bibi. Nyuma ya kibanda cha baba kulikuwa na mashine ya kusaga, na ukisoma shairi kando ya mashine ya kusaga utaishia kulichambua kama dona. Kitahana kulikuwa kimya. Bibi Niyonsaba alikuwa anaumwa kifua. Zahanati walimpa dawa wakamrudisha nyumbani. Shangazi Ntirampeba, dada yake baba, ndiye aliyemuuguza. Baba mdogo Evaristi, fundi seremala, alikaa nyumba ya pili.

Mvua zilikuwa zimeshika na ubaridi wa milimani umeingia, kwa hiyo shangazi alihamishia moto chumbani kwa bibi. Kilikuwa na dirisha moja dogo la ubao, kazi ya mikono ya Evaristi, na lilifungwa usiku na mchana. Kwetu mgonjwa hufungiwa. Baridi isimpate, na macho ya watu yasimpate pia. Shangazi aliyaogopa macho kuliko baridi.

Nilisomea mle ndani kwa sababu bibi alipenda sauti ya Kidenmark. Alisema inafanana na mtu anayesukutua mdomo ambaye hajapewa ruhusa ya kutema. Kila jioni baada ya uji aliniambia, "Sukutua basi, Esteri," nami nasukutua. Siku moja akataka kujua hayo maneno yanasema nini. Nilikuwa nasoma riwaya ya muuguzi mmoja wa kijijini ambaye mgonjwa akishafariki, hufungua dirisha ili roho ipate njia. Nikamweleza kuwa hiyo ni desturi ya kweli ya kule. Hata hospitali wapo wanaofanya hivyo. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akauliza sasa ya kwake yeye itapita wapi, ipige hodi kwa Ntirampeba jikoni? Nikamjibu kwamba ya kwake ni mbishi, itataka kwanza kubishana na dirisha. Tukacheka wote wawili. Shangazi alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Hakucheka.

Kesho yake asubuhi shangazi akiwa shambani, kuni mbichi zilitoa moshi kama gari bovu. Bibi akapiga kikohozi kirefu, akaniashiria dirishani. Akasema nimfungulie, anakufa na moshi. Nikafungua. Hewa ikaingia, na harufu ya udongo uliolowa. Nikakaa pale mwangani nasoma, na baada ya muda bibi akalala. Tangu nifike sikuwa nimemwona akilala hivyo, mdomo wazi kidogo, bila kukorota, bila kukohoa. Nikaweka kitabu dirishani, nikaenda kuchota maji nikijisifu moyoni kwa uuguzi.

Niliporudi, uani palikuwa na watu.

Shangazi alikuwa amemkuta mama yake ametulia tuli, dirisha wazi, na kitabu kimekaa pale kwenye ubao kama mlinzi wa mlango. Alimtikisa, bibi akachelewa kuamka. Kwa shangazi hiyo ilitosha. Alieleza kila aliyefika kwamba yule mtoto alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba huko kwao hufungua dirisha roho itoke. Amekuwa akimsomea mgonjwa maneno jioni baada ya jioni, na leo amefungua.

Nilijaribu kueleza. Mnajua Kiswahili cha mtu aliyeogopa kinavyokuwa. Changu kilikuwa cha kujifunza ukubwani, kwa hiyo kilinikimbia chote, nikabaki na ngeli zilizopinda na neno moja la Kidenmark lililoponyoka katikati. Watu wakarudi nyuma hatua.  Evaristi alichukua misumari na nyundo akalipigilia lile dirisha, kisha akakibeba kitabu kwa ncha za vidole ndani ya gunia, kama mtu anayebeba nyoka bila hakika kama amekufa.

Tangu hapo woga ukahamia kwetu na godoro lake. Jirani aliyekuwa akinisalimia "mwakeye" kila asubuhi akaanza kuinamia jembe lake nikipita. Shangazi alinipakulia chakula changu kwenye sahani ya peke yake na kuiacha kizingitini. Nikicheka kama kawaida yangu, walitazamana. Nikaacha kucheka, wakatazamana tena. Na chumbani, dirisha likiwa limepigiliwa na moto unawaka, bibi akaanza kuzama kweli. Hakuwa analala tena, alikuwa anapotea na kurudi. Nilimwomba shangazi tuupunguze moto. Akaniangalia kama nimeomba kisu.

Ndipo nikasikia wamewaita kamchape. Hawa ni vijana wanaozunguka vijijini kwetu wakidai wanafichua wachawi. Huingia nyumba kwa nyumba, hupekua, huchimba, na wanachokitoa hukionyesha uani mbele ya watu wote. Aliyetajwa, akiwa na bahati, hunyolewa na kuchanjwa. Asiye na bahati nyumba yake huchomwa. Sikuwa na nyumba. Niliwaza watachoma nini basi, na jibu nililipata haraka kuliko nilivyotaka. Usiku ule ndio nilianza kulala na viatu.

Nikampigia baba. Alifika asubuhi kutoka Kasulu kwa pikipiki, ameloa mpaka kofia. Nilikuwa nimeshafunga begi. Siku za kurudi shule zilikuwa zimefika, mtihani unakaribia, na basi la Kahama lilikuwa likiondoka Kibondo alfajiri. Nilidhani atanipakia tuondoke. Aliliangalia begi, akakaa juu yake.

"Ukikimbia, mwanangu, tumekimbia wote," alisema polepole. "Sisi hapa ni wa kuja. Makaratasi tunayo, lakini wapo wanaosubiri tu tuwaonyeshe visogo. Na nikikuondoa leo, mama yangu akafariki kesho, watakwambia nini huko barabarani? Utarudi wapi likizo?"

Nikamuuliza, na nikibaki? Akavua kofia, akaikamua maji. 

Kamchape walikuja siku hiyohiyo, mchana. Kiongozi wao alikuwa kijana wa rika langu, amevaa jezi ya mpira na shanga juu yake, kioo kidogo mkononi. Kwingine ningemtania. Nyuma yake uani pakajaa. Nilijua nusu ya nyuso zile, na hakuna uliokuwa ukinitazama machoni. Wakamwaga begi langu chini. Kila kitu kilichotoka kilipata mguno wake: mafuta ya kwapa, spika za masikioni, soksi. Nawaapia, soksi ziliguniwa. Kisha Evaristi akaleta gunia.

Yule kijana hakukigusa kitabu. Aliniamuru nikitoe mwenyewe, nifungue ukurasa ule wa dirisha, nisome. Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi. Mama mmoja akamfunika mwanawe masikio kwa kanga.

"Sasa sema maana yake," akaniambia. "Ukidanganya, kioo kitaniambia."

Nilifikiri kudanganya. Ningeweza kusema ni habari za harusi, au za ng'ombe. Toka Kibondo mpaka Kigoma mjini asingepatikana mtu wa kunisahihisha. Lakini shangazi alikuwa amesimama pale, na yeye alishasikia habari ya dirisha kutoka kwangu mwenyewe. Uongo mmoja tu na ningekuwa nimejihukumu. Nikakitazama kile kitabu. Kilichonijia kichwani kilikuwa ni Mwalimu Abdalah na kichwa chake cha msibani: nani, lini, kwa nini, ushahidi.

Basi nikaufanya mtihani wangu pale uani, mbele ya watahini ambao sitaki kukutana nao tena. Niliwaambia huyu anayefungua ni muuguzi. Hana nguvu yoyote, ni mwanamke aliyechoka mwenye viatu vilivyolowa, imeandikwa hapa. Nikawaonyesha sentensi kwa kidole, ingawa wangeona nini. Nikawaambia tazameni anavyoanza. Anamshika mgonjwa mkono. Anasikiliza pumzi. Anasubiri, na mwandishi anatufanya na sisi tusubiri, mstari baada ya mstari, hakuna kinachotokea. Mgonjwa anakata roho. Anamfumba macho. Ndipo anakwenda dirishani.

"Ni baada," nikasema, na sasa sauti ilikuwa imerudi. "Siyo kabla. Dirisha haliui mtu. Linamsindikiza."

 Yule kijana akauliza kama mgonjwa wetu ameshakufa. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini basi nilifungua. Nikasema aliniomba, moshi ulikuwa unamuua. Akataka shahidi, nikamwambia shahidi ni bibi mwenyewe, yumo ndani.

Akaingia. Tulimsikia akianza kukohoa kabla hajafika kitandani. Alipotoka, machozi yalikuwa yakimtiririka na kioo kimefunikwa na masizi. Alikifuta kwa jezi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani hakujua aseme nini, na watu walikuwa wengi mno asiseme kitu. Akatoa amri yake: dirisha lifunguliwe, na nilifungue mimi mwenyewe. Bibi akiliona jua linazama, maneno yangu ni ya kweli. Akifa kabla, wamepata walichokuja kukitafuta.

Evaristi aling'oa misumari. Alikosea mmoja akajipiga kidole, wala hakukinyonya. Kisha akasogea, na ikawa zamu yangu.

Nawaambia ukweli, mkono ulinigomea. Nilijua moshi ndio unaomuua. Nilijua hivyo kwa akili zangu zote za shule. Lakini mtu ukizungukwa na watu wanaoamini jambo, kuna sehemu yako inayosogea upande wao kimyakimya. Nikajiuliza, na ikiwa kweli? Ikiwa niliyasoma yale maneno vibaya, mahali pasipo pake, na yakasikia? Nikafunga macho, nikasukuma ubao.

Nikaingia nikakaa kando ya kitanda. Moto nikautoa kwa koleo, hakuna aliyenizuia. Nje walikaa wote, wengine wamebeba watoto, kama watu wanaosubiri gari. Nikamshika bibi mkono, nikasikiliza pumzi, nikasubiri. Nilikuwa nimekuwa muuguzi wa kitabuni, ila yeye hakuwa na kijiji kizima dirishani kinachomhesabia. Pumzi ya bibi ilikuwa inakatika kama redio yenye betri zilizochoka. Kila ilipokatika na yangu ilikatika.

Mvua ilinyesha ikaacha. Kivuli cha nyumba kikarefuka uani. Wakati fulani bibi alifumbua macho, akaangalia dirishani, akaona vichwa, akauliza kwani leo kuna mkutano wa kijiji. Kisha akaniambia, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Sukutua basi."

Nilimnong'oneza siwezi. Akanibana kidole. Shangazi alikuwa amesimama kwenye fremu ya dirisha, shavu lake kwenye ubao, ananitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikuweza kusoma uso wake. Nikasoma kitabu. Nilisoma kwa sauti ya chini kabisa, si ukurasa wa dirisha, ni mwingine, muuguzi anamenya viazi na kusikiliza utabiri wa hali ya hewa. Jasho lilinitoka kama napalilia. Bibi akasema kwa Kirundi kwamba leo maneno yana ladha nzuri, akalala.

Jua lilipozama alikuwa anakoroma. Kamchape hawakusubiri, walishakula kuku wao wakaenda zao Murungu kwa wateja wengine. Watu wakaondoka mmojammoja bila kuaga. Hakuna aliyesema kwamba nilisema kweli. Walikwenda tu kupika.

Alfajiri ya siku ya pili yake baba alinipakia mpaka stendi ya Kibondo. Evaristi alitukimbilia njiani na kitabu ndani ya gunia, amelifunga kwa kamba, mafundo juu ya mafundo. Akaniomba nisilifungue mpaka nipite Kahama. Sikumuuliza kwa nini Kahama. Nililifungua nilipofika Singida, kwa usalama zaidi.

Siku ya mtihani Mwalimu Abdalah alifunga madirisha yote ya chumba, upepo usije ukaharibu rekodi. Nikamwomba aache moja. Akasema haiwezekani, mwanangu, watasikia majani badala yako. Akanipa ukurasa wangu. Ulikuwa wa shairi kuhusu barafu, halina dirisha wala mgonjwa, na nilishukuru mpaka nikaona aibu. Nikaongea. Mwalimu akatikisa kichwa mpaka mwisho, nami nikamaliza mdomo umekauka, shati limenata mgongoni.

Nilipowasha simu nje, ilikuwa inaita. Shangazi Ntirampeba hakuwa na desturi ya kunipigia. Sikujua hata kama namba yangu anayo. Alikuwa ananong'ona, na kwa nyuma nilisikia watu wengi, na mtu akiimba wimbo wa kanisani. Bibi amefariki asubuhi hii, alisema. Usingizini, taratibu, mkono wake ukiwa mkononi mwa shangazi mwenyewe.

Nikasubiri aanze kunilaumu. 

"Nilisikiliza pumzi mpaka ikaisha kabisa," akasema. "Nikamfumba macho. Ndipo nikafungua." Akashusha sauti zaidi. "Ilikuwa baada, Esteri. Siyo kabla. Lakini jirani alikuwa anapita, ameniona nikisukuma ubao."

Nikamuuliza kama Evaristi anajua. Akasema bado. Akasema watu wameanza kukaa uani, na yule jirani yuko katikati yao, anaongea. Akaniomba nimwambie tena yale niliyomwambia yule kijana wa kioo, taratibu, kwa mpangilio, na ile sentensi inasemaje hasa, ayashike yote kabla hawajamwita nje.

Nikakaa chini pale koridoni. Nikaanza mwanzo: nani, lini, kwa nini.